Kilo kumi kwa mwezi: kwa nini wateja wa jimu yako hawavuki Machi

*Swali: Habari mtaalamu. Nina jimu ndogo Nyegezi, Mwanza. Nina mashine mbili za kukimbilia, baiskeli moja, benchi mbili, chuma kirefu kimoja chenye sahani za jumla ya kilo 80, na dambeli za kilo 5, 10, 15 na 20. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Januari walijiandikisha watu 38, mwisho wa Machi wamebaki 11. Wengi ni akina mama wa miaka 30 hadi 50 wanaotaka kuondoa tumbo na kupungua kilo kumi kwa mwezi. Nawapa tizi siku sita: kukimbia dakika 40, kichurachura, mazoezi ya tumbo 200. Ugali nawakataza kabisa na nawapima uzito kila asubuhi. Wiki ya kwanza wanashuka kilo mbili, tatu, halafu mzani unagoma. Mmoja anatumia dawa za presha, mwingine za sukari, na mwingine anajifunga nailoni tumboni. Nakosea wapi? Je, niongeze mashine ya tatu ya kukimbilia?*

Pole kwa hesabu hiyo ya Machi, Kocha. Kwanza nikuondolee dhana moja: watu hao 27 si wavivu. Mtu aliyetoa shilingi 40,000 mwezi wa ada za shule, akaamka alfajiri wiki tano mfululizo, ana nia. Alichokosa ni ushahidi kwamba jasho lake linazaa kitu. Ulimkubalia lengo ambalo mwili hauliwezi, ukampa kazi iliyozidi uwezo wake, kisha ukampima kila asubuhi kwa kifaa kisichoona mabadiliko yanayotangulia.

Tuanze na mzani, maana hapo ndipo wanapokata tamaa. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, kwa mtu mzima kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukimkatia mtu ugali na kumkimbiza kila siku, akiba hiyo inashuka na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Zile kilo mbili tatu za wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa ni maji hayo, pamoja na chakula kilichopungua tumboni. Mafuta yaliyotoka ni kidogo. Akila pilau la harusi Jumamosi, Jumatatu amepanda kilo moja na nusu, naye anaamini ameharibu kazi ya mwezi mzima. Hajaharibu kitu, maji yamerudi tu. Unaposema mzani umegoma, mara nyingi ndio wakati mafuta yenyewe yanaanza kupungua, polepole, chini ya mawimbi ya maji yanayopanda na kushuka.

Sasa zile kilo kumi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo kilo kumi ni 77,000. Zigawe kwa siku 30: mteja anatakiwa apungukiwe na kalori zaidi ya 2,500 kila siku. Mama wa kilo 75 mwenye kazi za kawaida hutumia takribani kalori 2,000 hadi 2,200 kwa siku. Hata asipotia chochote kinywani mwezi mzima, hesabu haifiki. Kasi inayowezekana bila kumdhoofisha ni nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wake kwa wiki, na kwa huyu wa kilo 75 ni kama kilo mbili hadi tatu kwa mwezi. Mwambie hivyo siku ya kwanza, kabla hujapokea pesa. Wapo watakaoondoka kwenda kwa anayeahidi kumi, na hilo litakuuma. Lakini hao ndio wangeondoka Februari, wakiwa wanasema jimu yako haifai.

Tumbo nalo lina kanuni yake. Misuli haichomi mafuta yaliyo jirani nayo. Mwili ukihitaji nguvu, homoni huchota mafuta kutoka kwenye akiba zake zote na kuyapitisha kwenye damu, na sehemu ipi itangulie kupungua huamuliwa na urithi, jinsia na umri. Mazoezi ya tumbo 200 yanakaza misuli iliyo chini ya mafuta na kuchosha kiuno, basi. Punguza yawe dakika tano mwishoni. Nailoni ipige marufuku kabisa, uandike ukutani. Jasho hupoza mwili linapokauka kwenye ngozi. Nailoni inazuia hilo, joto la ndani linapanda, na uzito unaotoka ni maji yatakayorudi kwenye bilauri mbili za kwanza. Kwa mtu anayetumia dawa za presha zile za kukojosha, ambaye tayari anapoteza maji na chumvi, ni njia fupi ya kuzimia.

Kipimo ukibadilishe hivi. Uzito upimwe mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, baada ya choo na kabla ya chai, na usomwe kwa mwenendo wa wiki nne, si wiki hadi wiki. Kumbuka pia kwamba siku za kukaribia hedhi mwanamke anaweza kubeba kilo moja hadi mbili za maji. Kila wiki mbili tumia tepu ya fundi cherehani. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mteja akiwa amesimama na ametoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani na bila kukaza tepu. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi kuanza kupanda kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80 na kuwa kubwa zaidi ya 88. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Mteja aliyetoka 97 hadi 93 huku mzani ukisoma kilo ileile amepata faida ya kweli, na mwonyeshe hivyo kwenye daftari lake.

Kipimo ninachokihimiza kuliko vyote, hata hivyo, ni cha uwezo. Siku ya kwanza andika: ameinuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30 mikono ikiwa kifuani, amepiga pushapu ngapi mikono ikiwa juu ya benchi, ametembea kilomita moja kwa dakika ngapi. Rudia baada ya wiki mbili. Karibu kila anayeanza atapanda, kwa sababu nguvu za wiki za mwanzo hazitokani na misuli kukua, zinatokana na ubongo na neva kujifunza kuiamsha misuli iliyopo. Misuli kuonekana kwa macho huchukua wiki 8 hadi 12. Ukitegemea kioo na mzani peke yake, mteja anakaa miezi miwili bila habari njema, na ndani ya miezi hiyo ndimo wanamopotelea wako.

Sasa dozi, yaani kiasi cha mazoezi. Siku sita za kukimbia dakika 40 na kichurachura kwa mtu ambaye mara ya mwisho alikimbia shuleni ni adhabu kwa magoti. Kila anapotua kutoka kwenye kichurachura, misuli ya paja inarefuka huku imebeba uzito wote, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kwa wingi. Maumivu hukomaa kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo unamrudisha kwenye tizi la pili akiwa katika kilele cha maumivu ya la kwanza. Wewe unaona ukali unaleta matokeo, yeye anajifunza kuogopa Jumatano.

Wape siku tatu za vyuma, dakika 45 hadi 50, na siku mbili au tatu za kutembea haraka dakika 30 hadi 40. Hiyo inawasogeza kwenye dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kama kiwango cha chini kwa mtu mzima, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Kwa vifaa ulivyo navyo siku moja ya vyuma inatosha kuwa hivi: kuchuchumaa hadi kugusa benchi akiwa amekumbatia dambeli kifuani, pushapu za benchi, kuvuta dambeli kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika benchi, kuinama kwa nyonga na chuma kirefu mgongo ukiwa umenyooka, kisha kutembea mita 30 na dambeli mbili mikononi. Wiki mbili za kwanza ni seti mbili za marudio 10, mapumziko dakika moja na nusu, na aache kila seti akiwa bado ana uwezo wa marudio mawili au matatu. Wiki ya tatu ziwe seti tatu. Atoke akijiona angeweza kuendelea kidogo, maana huyo ndiye atakayerudi keshokutwa.

Uzito uongezwe kwa utaratibu, na hapa jimu ndogo nyingi zinakwama. Kanuni ya kawaida ni kufanya marudio 8 hadi 12, na mteja akifika 12 kwenye seti zote kwa siku mbili mfululizo, unaongeza. Kwenye chuma kirefu ni rahisi, kilo mbili na nusu au tano. Kwenye dambeli zako, kutoka 5 kwenda 10 ni kuongeza mara mbili! Anajaribu, anashindwa, anarudi kwenye 5 na kubaki hapo hadi anachoka nafsi. Suluhisho la leo ni kumpandisha hadi marudio 15 na kumtaka ashushe dambeli kwa sekunde tatu. Suluhisho la mwezi ujao ni kununua jozi za kilo 7.5 na 12.5.

Kwa hiyo mashine ya tatu ya kukimbilia, hapana. Nunua hizo jozi, mikanda ya mpira ya ugumu tofauti, na kipimo cha presha cha mkononi, kile cha kufunga juu ya kiwiko. Mwanza imejengwa juu ya vilima vya mawe. Kupanda mtaa wenye mteremko dakika 20 kunachosha moyo vizuri kuliko mashine, bila tokeni ya umeme. Mbili ulizo nazo zitunze: mkanda wake unataka mafuta ya silikoni peke yake, yapakwe chini ya mkanda. Grisi au mafuta ya kula yanaganda na vumbi, mota inavuta umeme mwingi na hatimaye inaungua. Weka pia stebilaiza, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka huua kwanza ubao wa kuongozea mashine.

Kwenye chakula, ugali uurudishe. Ugali wa gramu 100 za unga mkavu una kalori kama 360. Ubaya wake ni wingi, maana sahani ya kushiba inaweza kubeba unga mara mbili ya huo. Mwambie apike wa familia kama kawaida, yeye achukue kiasi cha ngumi zake mbili, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na kilichobaki samaki au maharage. Kisha nenda kwenye vitu ambavyo hakuna anayevihesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu humimina vijiko sita bila kujua. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai; vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni sawasawa na soda hiyo. Dakika 40 za kukimbia na kutembea kwa zamu zinamchomea mama wa kilo 75 takribani kalori 300, na chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote na ziada. Ndiyo maana tizi peke yake, bila kugusa jikoni, huwapa wengi afya bora na mzani uleule.

Protini ndiyo inayosahaulika. Anayepungua bila protini na bila vyuma anapoteza misuli pamoja na mafuta, anaishia mdogo lakini mlegevu. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, na aliyenenepa sana hesabu kwa uzito anaoulenga. Uko kando ya Ziwa Victoria, una bahati: gramu 100 za sato aliyepikwa zina protini zaidi ya gramu 20, konzi ya dagaa wakavu inakaribia 15, kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15, yai moja ni 6. Usimpe mteja orodha ya vyakula uliyoichukua mtandaoni, yenye shayiri na lozi. Badilisha kitu kimoja kwa wiki: wiki ya kwanza sukari ya chai, ya pili kijiko cha mafuta, ya tatu kiasi cha ugali. Ramadhani ikifika, wanaofunga wafanye vyuma vyepesi saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, na lengo la mwezi huo liwe kulinda nguvu, si kupungua.

Lengo la kwenye daftari liandikwe kwa matendo, si kilo. Muulize siku ngapi ana uhakika wa kuja, akisema nne andika tatu. Muulize nani anapika nyumbani na analala saa ngapi. Lengo la mwezi wa kwanza liwe "mahudhurio 12, na sukari kijiko kimoja kwenye chai". Hilo linategemea yeye, na akilifikia atajua kwamba amelifikia. Akikosa mara mbili mfululizo mpigie simu mwenyewe siku hiyohiyo, usimtaje kwenye kundi la WhatsApp. Usimuulize kwa nini amepotea. Mwambie Jumatatu unamngoja na mtaanza na kepesi, na kweli punguza uzito wa vyuma kwa asilimia 20 akirudi. Kupima uzito kufanyike pembeni, na picha za kabla na baada zisiende popote bila ruhusa yake. Akina mama wengi wanaacha jimu kwa aibu ya namba iliyosomwa kwa sauti.

Kuhusu pesa, watu 38 ni shilingi 1,520,000 kwa mwezi na 11 ni 440,000. Ukibakiza 22 tu unapata 880,000 bila tangazo hata moja. Januari ruhusu walipe kwa mafungu mawili, 20,000 mwanzo na 20,000 katikati ya mwezi. Kifurushi cha miezi mitatu chenye punguzo ni kizuri, lakini usikiuze mwezi wa kwanza. Mpe mtu wiki nne akujue, kisha mwuzie. Fedha ya miezi mitatu kutoka kwa mtu aliyeacha wiki ya tano inakujengea jina baya mtaani.

Sasa wale wawili wenye maradhi, na hapa usikisie. Wote wapate kibali cha daktari wao kabla ya kuendelea, kikieleza dawa wanazotumia, nawe usiguse dozi kamwe. Mwenye presha apumzike akiwa ameketi dakika tano, kisha umpime kila anapokuja. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi hafanyi mazoezi, anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vibaya, macho kuona ukungu au upande mmoja kulegea, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Mfundishe kutoa pumzi anaposukuma, kwa sababu kubana pumzi chini ya chuma kunapandisha presha ghafla. Kama anatumia atenolol au dawa za aina hiyo, mapigo ya moyo hayatapanda kawaida, hivyo usitumie hesabu ya mapigo. Tumia maongezi: aweze kusema sentensi fupi, asiweze kuimba. Amalizie kwa kutembea polepole dakika tano hadi kumi, asisimame ghafla.

Mwenye sukari muulize kama anatumia insulini, au glibenklamidi na dawa za jamii yake, maana hizo ndizo zinazoweza kushusha sukari katikati ya tizi, tofauti na metformini inayotumiwa peke yake. Apime kabla. Kipimo kikisoma chini ya 5 (kwa mmol/L), ale kwanza ndizi mbivu. Zaidi ya 14 na hajisikii vizuri, asifanye. Weka sukari jimu. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho baridi au kuchanganyikiwa lakini anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe kitu, mpeleke hospitali. Na asifanye mazoezi pekupeku, kwa sababu kidonda cha mguu kwake hakiumi mapema na hakiponi haraka.

Yupo mwingine wa kumwangalia kati ya wote. Anayekojoa mkojo wa rangi ya kola siku moja au mbili baada ya tizi kali, huku misuli imevimba na kuuma, misuli yake imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Huyo anakwenda hospitali bila kungoja kesho. Goti au kiuno kinachouma zaidi ya wiki mbili kione mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wanayo huduma hiyo. Na ukiona mama ambaye mikono na uso vimepungua, kiuno cha suruali kimelegea, lakini tumbo la chini limebaki gumu au linaongezeka, hasa kama hedhi yake ni nzito, usimwongezee mazoezi ya tumbo. Mwite pembeni umwombe akapige altrasaundi, kwa kuwa uvimbe wa kizazi, maji tumboni au mimba havisikii tizi.